Zote 8A, mbona zinagombana?

SWALI: Assalaam alaykum kaka. Napiga muziki hotelini huku Paje, sasa mwaka. Juzi nilikuwa na amapiano ya 112 (mapigo kwa dakika), nikataka kuingiza afrohausi ya 118. Programu inasema zote mbili ni 8A. Nikaishusha ya pili mpaka 112, ngoma zikaenda pamoja vizuri tu. Ila vinanda vilipokutana ikawa kero, kama redio mbili chumba kimoja. Nimekosea wapi?

JIBU: Waalaykum salaam. Ngoma ulizipatia, na programu haikukudanganya. Tazama kitufe cha kufunga ki, yaani noti ya msingi na ngazi ya wimbo, kwenye mashine yako (nyengine wanakiita Master Tempo). Nadhani kilikuwa kimezimwa.

Ile 8A ni ki ya wimbo ukiwa kwenye kasi yake mwenyewe. Kutoka 118 hadi 112 umeupunguza asilimia 5 na kidogo, na ki isipofungwa, kasi ikishuka sauti nayo hushuka, kama kaseti iliyoishiwa betri. Ukipunguza asilimia 5.6 umeshuka nusu toni nzima, yaani kibonye kimoja cha kinanda hadi jirani yake. Wimbo wako uliondoka A maina ukasimama karibu kabisa na G-shapu maina, na mwenzake yuko A pale pale. Kwenye duara la Camelot, lile linalozipa ki namba kama hizi, hiyo ni 1A juu ya 8A. Hapo hata mlevi atageuza shingo. Mashine nyengine hubadilisha namba kwenye kioo ukisogeza pichi (kile kidhibiti cha kasi), lakini ile ya kwenye orodha ya nyimbo hubaki vile vile, na ndiyo inayowaponza wengi.

Basi funga ki, kisha ushushe kasi. Kwa asilimia 2 au 3 hutosikia tofauti. Ukivuta sana, sauti ya mwimbaji huanza kutetemeka na ngoma hupoteza makali. Ndiyo maana mimi mara nyengine naacha ki wazi kwa makusudi: nachukua wimbo wa 118 ulio 3A, nausukuma chini ile asilimia 5.6, na wenyewe unatua 8A, na kasi yake ni 111.4. Ile amapiano naishusha kidogo tu kuufuata. Kwenye spika kubwa za pwani utaisikia faida yake.

Majirani wa 8A, zile ki zinazopatana nayo, unawajua: 7A, 9A na 8B. Sina la kuongeza hapo. Kwa singeli, kumbuka programu huweza kuisoma nusu ya kasi yake. Singeli ya 224 inakaa juu ya amapiano ya 112 bila kugusa pichi, kila pigo moja la huku ni mawili ya kule.

Penye taabu ni taarab asilia, na ukipiga harusi za mjini utaombwa tu. Duara la Camelot lina ki 24, zote za kinanda cha kawaida. Kanuni na udi zikipigwa kwa maqamu (ngazi za sauti za Kiarabu) kama rasti au bayati, kuna noti zinazokaa katikati ya vibonye viwili. Programu haizijui, lakini itakuandikia namba tu, na wewe utaiamini. Mimi niliwahi kuiamini harusini: nikaingiza besi ya bongofleva chini ya fidla, na mama mmoja aliyekuwa anakwenda kutunza akasimama katikati ya ukumbi, noti mkononi, akanitazama mimi badala ya bibi harusi.

Tena wapigaji wale hawakufuata mashine. Kasi inapanda na kushuka kwa pumzi ya mwimbaji. Zima sinki (ile inayolinganisha kasi yenyewe), vaa hedifoni, na usiweke melodi yoyote juu yake. Subiri kiitikio cha mwisho kiishe, fidla zinyamaze, ndipo uingie na ngoma tupu.