Chapati haina hamira, mbona hailiki?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina nyumba ya wageni hapa Mikindani. Nitapokea familia ya Kiyahudi wiki ya Pasaka yao, na wamesema hawali kilichochacha. Mkate na maandazi nimefuta, nikabakiza chapati kwa kuwa siitii hamira. Je, nimekosea? Na ugali wa makopa, ambayo huvundikwa?
Mama mwenye nyumba, Mikindani

JIBU: Chapati nayo ifute, dada. Sheria yao haitazami hamira, hutazama nafaka na muda. Nafaka zenyewe ni tano; kwetu utakutana na ngano, shayiri na oti. Unga wake ukishapata maji na kukaa dakika 18 bila kushughulikiwa, umehesabiwa kuchacha, hata kama haujaumuka hata kidogo. Sasa chapati gani laini isiyopumzishwa unga? Mkate wao, matza, huokwa kabla ya dakika hizo kwisha, kwa unga uliolindwa usipate unyevu. Watakuja nao, usijaribu kuuoka. Tambi, biskuti na bia zifuate chapati.

Makopa hayana neno. Muhogo si nafaka, kwa hiyo hata uvundikwe mpaka unuke, uchachu wake hauhesabiki. Ming'oko na viazi vilevile. Kinachoharibu ni mashine ya kusaga: ikiwa ndiyo inayosaga ngano, vumbi lake limo ndani ya unga wako. Twanga kwenye kinu kisafi, uchekeche kwa chekeche jipya.

Mchele, mahindi, mtama, mbaazi na karanga, waulize kwanza. Wenye asili ya Ulaya ya Kati na Mashariki kwa desturi huviacha vyote. Wenye asili ya Iraki, kwa mfano, wengi hula wali, ila mchele huchaguliwa punje kwa punje, mara tatu, isije ikabaki ngano. Korosho ghafi haimo katika kundi hilo. Iliyokaangwa na viungo ina mashaka, maana huenda imepakwa unga.

Vyombo ndivyo vinavyowaangusha wenyeji wengi. Sufuria isugue, iache saa 24 bila kuipikia, kisha ijaze maji na kuyachemsha hadi yamwagike ukingoni. Wageni huenda wakataka kusimamia wenyewe, nawe wapishe. Kikaango kisichogandisha nunua kipya. Chungu cha udongo kilichowahi kupikiwa ngano hakisafishiki kwa njia hiyo, kwani hunyonya. Kifungie stoo siku zote 8, ndio muda wa sikukuu nje ya Israeli.