Salma, Usianzie Osaka

Mwanangu Salma,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, ya pili nikiwa na mama yako. Unasema mafunzo yanaishia Kyoto, una siku tano kabla ya kupanda ndege Tokyo, na unataka kuona mambo ya samurai. Uende wapi, na je, ngome ya Osaka inafaa? Nimeona bora nikuandikie, maana kwa simu ningekuchanganya.

Osaka nenda ukale tu. Ile ngome ya kwenye picha ni ya zege, ilimalizwa 1931, na ndani ina lifti. Ile ya kwanza, aliyoijenga mtawala Hideyoshi, iliteketea vitani 1615. Japani nzima zimebaki ngome 12 tu ambazo mnara wake mkuu ni ule ule wa enzi zao, na iliyo kubwa kuliko zote ni Himeji. Kutoka Kyoto kwa treni ya mwendo kasi ni kama saa moja hivi.

Himeji nilifika mwaka ule meli yetu ilipopandishwa chelezo Kobe, sisi wa chumba cha injini tukapewa siku mbili za kupumzika. Mlangoni unavua viatu na kupewa mfuko wa plastiki uvibebe mwenyewe. Soksi yangu ya kulia ilikuwa imetoboka, na tulipofika ghorofa ya pili wenzangu wote walikuwa wamekwisha kukiamkia kidole gumba changu. Lakini nashukuru nilikuwa pekupeku, au nusu pekupeku. Zile mbao zimelainika kama mpini wa jembe la bibi yako, na ngazi zimesimama wima mpaka unapanda kwa miguu na mikono. Katikati ya mnara zinapita nguzo mbili kuu, kila moja karibu mita 25. Nilizizunguka kama mtu anayetaka kununua. Kuta zina matundu ya kutolea mishale na bunduki: mengine duara, mengine pembetatu, mengine mstatili. Ukichungulia unaona njia ya kupandia inavyopindapinda chini yako, na adui kila anapopita anakupa ubavu. Mnara ule ulikamilika 1609, na pamoja na matayarisho yote hayo haukuwahi kushambuliwa na jeshi. Mwaka 1945 mji uliuzunguka ukiwaka kwa mabomu ya ndege. Bomu moja liliufikia mnara lakini halikulipuka.

Ngome ya Nijo iko hapo hapo Kyoto, nusu siku inatosha. Ukitembea kwenye veranda za jumba lake, sakafu inalia kama ndege. Watakuambia ni mtego wa kumnasa muuaji wa usiku. Mimi fundi naona misumari na vibanio vya chuma vinasuguana chini ya ubao, basi. Cha kutazama ni ule ukumbi ambamo mwaka 1867 Tokugawa Yoshinobu, shoguni wa mwisho, yaani mtawala wa kijeshi, aliwaita wakubwa wa majimbo kuwaeleza kwamba anayarudisha madaraka kwa mfalme. Ukoo wake ulikuwa umetawala zaidi ya miaka 260. Miaka kumi baadaye samurai walikuwa wamekwisha kama tabaka, hata upanga wamekatazwa kuvaa barabarani.

Tokyo, kabla ya uwanja wa ndege, pita hekalu la Sengakuji. Bwana mmoja, Asano, alimkata kwa upanga ofisa aitwaye Kira ndani ya ngome ya shoguni mwaka 1701, akaamriwa kujiua siku hiyo hiyo. Watu wake 47 wakasubiri karibu miaka miwili, wakavamia nyumba ya Kira usiku, wakamuua, kisha wakatembea na kichwa chake hadi kwenye kaburi la bwana wao. Kisima walichooshea kichwa hicho bado kipo. Nao waliamriwa kujiua, wote isipokuwa mmoja. Makaburi yao ni mawe madogo yaliyobanana, na moshi wa vijiti vya udi haukatiki. Mama yako hakupenda kisa hiki hata kidogo, ananiuliza wake zao walikula nini.

Sasa Azuchi. Huko mimi sikufika. Habari zake nilizijua baada ya kustaafu, na ndiyo sababu hasa ya barua hii. Ni kituo kidogo karibu na ziwa Biwa, treni ya kawaida kutoka Kyoto haifiki saa moja na nusu. Oda Nobunaga, mbabe wa vita aliyekuwa na nguvu kuliko wote enzi hizo, alianza kujenga ngome yake hapo 1576. Mwaka 1582 aliasiwa na jemadari wake mwenyewe akafia hekalu la Honnoji, Kyoto, na siku chache baadaye ngome ikaungua. Kilichobaki ni ngazi ndefu ya mawe inayopanda mlima moja kwa moja, na kileleni mawe ya msingi yamepangwa safu kwa safu pale mnara uliposimama. Angalia unapokanyaga: baadhi ya mawe ya ngazi ni sanamu za Buddha, maana wajenzi walichukua jiwe lolote walilolipata.

Nobunaga huyo alikuwa na mtu wake mweusi, Yasuke, aliyeletwa na padri Mjesuti Valignano. Alipoingia Kyoto 1581 watu walisukumana kumwona, na Nobunaga akaamuru asuguliwe akidhani amepakwa wino. Kisha akamchukua, akampa nyumba na posho. Kitabu kimoja cha Kifaransa cha 1627 kinasema alitoka Msumbiji. Watu wanagombana sana siku hizi kama alikuwa samurai kamili au mtumishi aliyebeba silaha. Mimi sina shida nao. Siku bwana wake alipouawa alikwenda kupigana upande wa mtoto wa bwana huyo hadi akakamatwa, na hilo linanitosha.

Yeye naye huenda aliziona ngazi hizo za Azuchi.

Nenda mapema, saa nne asubuhi uwe kileleni. Huku itakuwa saa kumi alfajiri, nitakuwa macho. Nipigie kwa video unionyeshe yale mawe, taratibu, usikimbize simu. Na beba soksi nzima.

Baba yako