Hilux ya kuvuta tela: kabla hujafunga 285, soma namba ya mzigo

Mkuu, umeuliza kama Hilux Vigo yako yenye tairi za 265/65R17 (upana kwa milimita, kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana, na inchi za rimu) inafaa kupanda hadi 285/70R17, na inavuta tela la tani moja na nusu, mara Karatu, mara Simanjiro. Kufungika zinafungika. Ila kwa gari la kuvuta ningeishia 265/70R17, tena zenye plai (matabaka yanayolipa tairi nguvu) za kutosha.

Angalia vimo. 265/65R17 ina kimo cha milimita 776. 265/70R17 ni 803, ongezeko la asilimia 3 na kidogo. 285/70R17 ni 831, asilimia 7 nzima. Hiyo 7 ndiyo inayokula nguvu, maana tairi refu ni sawa na kurefusha gia zote. Kama difu yako (gia za ekseli) ni 3.9, yaani shafti inazunguka mara 3.9 gurudumu likizunguka mara moja, ukifunga 285 gari litavuta kama lenye difu ya 3.64. Likiwa tupu hutasikia sana. Panda na tela pale Mto wa Mbu kwenda Karatu ndipo utajua: gia ya tatu iliyokuwa inatosha haitoshi tena, unarudi ya pili, joto la injini linapanda. Gari la gia za mkono klachi ndiyo huumia kwanza, hasa ukiondokea mlimani. La otomatiki mafuta ya gia boksi huchemka. Dawa ni kubadili meno ya difu kwenda 4.1 au 4.3, na kama ni 4x4 ubadili mbele na nyuma kwa pamoja. Kama bajeti haina hilo, achana na 285.

Na faida yenyewe ni ndogo. Gari hunyanyuka nusu tu ya tofauti ya kimo: 285 inakupa milimita 27, 265/70 inakupa 13.

Kwenye breki hesabu ni ileile. Gurudumu refu na zito linahitaji nguvu zaidi kusimama, wakati diski na pedi ni zilezile. Mteremko wa daraja la Kikafu ukiwa na tani moja na nusu nyuma si mahali pa kugundua hilo. Tela la uzito huo lisipokuwa na breki zake ni hatari kwa tairi lolote utakalofunga, kwa hiyo anzia hapo. Spidomita nayo itadanganya: gari likienda 80 kwa tairi za zamani, ukiwa na 285 mshale uleule ni kama 86, na tochi ya trafiki haisikilizi maelezo ya tairi.

Sasa namba ya mzigo, ambayo naona wengi wanairuka. Chuchumaa usome ubavuni, baada ya saizi. 112 ni kilo 1120 kwa tairi moja, 116 ni 1250, 121 ni 1450. Saizi moja inaweza kuuzwa na 112 au 121, na kwa macho zinafanana kabisa. Ukiona herufi LT (light truck, tairi la gari la mizigo) mbele ya saizi na 121/118 mwishoni, hiyo ndiyo plai 10 ya kuvutia tela. Kisha tafuta tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni, zinazoonyesha lini tairi lilitengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mtumba wenye kashata (meno ya tairi yanayogusa barabara) nzuri lakini mpira umezeeka unapasuka ukipata joto na mzigo.

LT haifanyi kazi kwa upepo ulioandikwa kwenye mlango wa dereva. Ili ibebe mzigo uleule inahitaji upepo zaidi. Ukiwa na tela, nyuma anzia psi 40 hadi 45, upime asubuhi gari likiwa halijatembea. Pima tena baada ya saa moja ya mwendo. Ikiwa imepanda zaidi ya psi 6 hivi, ubavu unajikunja mno: ongeza upepo au punguza mzigo.

Kashata ya matope achia wanaoishi kwenye matope. Vinundu vyake virefu hucheza kwenye lami na tela huanza kuyumba. AT (all-terrain, kashata ya lami na vumbi) inatosha, hata Simanjiro nje ya masika.

Kabla hujalipa, fundi afunge tairi moja mbele, mpandishe gurudumu hilo kwenye jiwe, kisha ukate usukani hadi mwisho pande zote mbili. 285 kwa kawaida hugusa plastiki ya ndani ya madigadi na ule mpira wa kuzuia tope. Kupima gari likiwa limesimama sakafuni hakutoshi, kwa sababu pua huzama unapofunga breki. Usitoe rimu nje kwa spesa ili kukwepa kugusa. Bearing ndizo zitakazolipa. Spea nayo iwe saizi hiyohiyo, na uhakikishe inaingia chini ya bodi.

Mwisho, gari likipanda, huku ya tela (ndoano ya kuvutia) nayo inapanda. Tela likiinua pua, uzito unahamia nyuma yake na mkia unaanza kupiga. Shusha huku hadi tela lilale sawa, na uzito unaoikalia uwe karibu asilimia 10 ya tela lililojaa, yaani kilo 150 kwa lako. Nati za magurudumu zikaze upya baada ya kilomita 50 hadi 100.