Maswali yenu: wakili, stempu na mkataba wa pango

*Mkataba wangu wa chumba na sebule ni wa miezi sita. Lazima tupite kwa wakili? – Mpangaji, Sinza*

Si lazima. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua upangaji wa mwaka mmoja au pungufu hata ukiwa wa mdomo. Lakini andikeni, wekeni mashahidi, na kila hela unayotoa idaie risiti.

*Nimemlipa wakili 100,000, akagonga muhuri. Sasa naambiwa kuna stempu ya TRA. Si nimeshalipa? – Kimara*

Hujalipa. Swali hili naletewa kila mara, na anayeuliza huwa hela imeshamtoka. Ulichompa wakili ni ujira wake wa kuandaa mkataba na kushuhudia saini. Ushuru wa stempu ni wa serikali, unakwenda TRA, mamlaka ya mapato: asilimia 1 ya pango la mwaka. Nyumba ya 300,000 kwa mwezi ni 3,600,000 kwa mwaka, ushuru wake 36,000. Unalipwa ndani ya siku 30 tangu kusaini. Ukiupuuza, mkataba haupokelewi mahakamani kama ushahidi hadi ulipiwe ushuru pamoja na adhabu. Vyombo vyako vikitolewa nje na bado una miezi minne uliyolipia, utakuta karatasi uliyoitegemea haina nguvu wakati huo huo unapoihitaji.

Kabla ya kutoa hela, mwambie wakili atenganishe: ujira wake kiasi gani, ushuru kiasi gani. Ushuru ulipwe TRA kwa namba ya malipo, na stakabadhi ibaki kwako.

*Dalali anasema ana wakili wake, 50,000 tu, hatuna haja ya kufika ofisini. – Mbagala*

Usikubali! Anayeshuhudia saini lazima awaone mkisaini. Karatasi inayokuja imeshagongwa muhuri ni kazi ya kishoka, au ya wakili asiyeheshimu kiapo chake. Ingia e-Wakili, mfumo wa Mahakama, utafute jina lake uone kama anaruhusiwa kufanya kazi. Dalali ameshachukua kodi yako ya mwezi mmoja. Wakili umchague wewe.

Na hujaniuliza, lakini nakwambia: huyo anayejiita mwenye nyumba akuoneshe hati, leseni ya makazi au barua ya usimamizi wa mirathi. Wapangaji wanalipa miezi sita kwa mtoto mmoja wa marehemu, kisha ndugu zake wanakuja kuwafukuza. Muhuri hauzuii hilo.

*Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa unatosha?*

Kwa kutambulishana, ndiyo. Kwa TRA, hapana.

*Nani amlipe wakili, mimi au mwenye nyumba? – Tabata*

Mnavyokubaliana. Kugawana nusu kwa nusu ni haki, maana mkataba unawalinda wote. Ila akikutwika na ile asilimia 10 ya kodi ya mapato ya pango, kataa. Kipato ni chake. Angalia na LUKU, umeme wa kulipia kabla: tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa humo, nawe unalipia jengo la mwenzako kila mwezi bila kujua. Iandikwe kwenye mkataba kwamba kiasi hicho kitapunguzwa kwenye pango.