Independence Day: kasoro ni yangu ama ya muvi?

SWALI: Asalaam aleikum kaka mhariri, niko Langoni hapa Lamu. Vijana wa baraza letu wanaisifu sana Independence Day ya 1996, mi nimeiona juzi kwa simu nikaona kelele tu. Kwani mi ndo sijui muvi?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Kwa simu umeionea bwana, raha yake yote ni ukubwa, kile chombo cha viumbe wa angani kinavyofunika mji mzima watu wametoka nje wanakodoa macho juu. Na Ikulu ya Marekani inavyolipuka pale si kompyuta, walijenga modeli wakailipua kweli, ndo maana hata leo moto unaonekana moto, na Oscar ya mambo hayo wakapata. Bajeti kama dola milioni 75.

Sasa hadithi, mh! Jeff Goldblum anatia virusi kwenye mitambo ya viumbe wa angani kwa leptopu yake, na sisi hapa kurusha picha simu hadi simu ni vita. Hotuba ya rais mi huipeleka mbele. Will Smith ndo kaibeba, akimtwanga yule kiumbe ngumi lazima ucheke. Itazameni tena kwa tivii kubwa. Ile ya pili ya 2016, Smith hayumo, wala usijisumbue.