Kona ya Kompyuta: Majibu ya Maswali Yenu ya C++

SWALI: Wataalamu, habari za kazi. Nimeandika programu ya kupokea kahawa kwenye chama chetu cha msingi. Wakulima wanasomwa kutoka kwenye faili na kuingizwa kwenye vekta (orodha inayojipanua) kwa push_back, inayoongeza mwishoni. Aliye kwenye mizani namshika kwa pointa (anwani yake kwenye kumbukumbu), Mkulima* wa_sasa. Wakiwa 5 nikaandikisha wa 6, hakuna shida. Wakiwa 8 nikaandikisha wa 9, jina la aliye kwenye mizani linatoka herufi zisizosomeka, au programu inazima. Kompyuta ya ofisi, inayojenga programu kwa Visual Studio, haisumbui; inayosumbua ni laptop yangu ya Linux, inayojenga kwa GCC. Ninunue RAM nyingine?
Msomaji, Vwawa, Mbozi

JIBU: Usinunue, RAM ni nzima. Kosa liko kwenye pointa. Vekta hupanga vitu vyake bega kwa bega katika eneo moja la kumbukumbu. Eneo likijaa, push_back huomba eneo kubwa zaidi, huhamishia vitu vyote huko, kisha huliachia la zamani. Pointa yako haina habari. Ni sawa na kumfuata fundi kwenye kibanda alichokwisha kuhama pale Mwanjelwa: utakuta kitupu, au utakuta mtu mwingine.

GCC huongeza nafasi maradufu: 1, 2, 4, 8, 16. Watu 5 wana nafasi 8, basi wa 6 anaingia bila mtu kuhama. Watu 8 wamejaza zote, na wa 9 anawahamisha wote. Visual Studio huongeza nusu tu: 1, 2, 3, 4, 6, 9. Wakiwa 8 bado ipo nafasi moja. Kwa hiyo hata ofisini kosa lipo: soma wakulima 6, ongeza wa 7, nao watahama. Huenda jina likatoka sawasawa hata hapo, maana eneo lililoachiwa linaweza kubaki na data za zamani kwa muda. Hapo ndipo tunapoogopa zaidi, kwa sababu kilo za mkulima zinaweza kuandikwa pasipo pake na asijue mtu.

Acha kuhifadhi pointa. Hifadhi namba ya nafasi, size_t wa_sasa, kisha soma wakulima.at(wa_sasa). Tumia at badala ya mabano ya mraba, kwani at hukagua mpaka na kurusha hitilafu ukiuvuka. Kama huwa unafuta wakulima katikati ya orodha, nafasi zitasogea. Hapo tumia namba ya uanachama na std::unordered_map, inayomtafuta mtu kwa namba hiyo badala ya nafasi. Wengine watakushauri uite reserve(500) mwanzoni, itenge nafasi 500 mapema. Inasaidia kasi, lakini mwanachama wa 501 atakurudishia tatizo lile lile.

Ili kulinasa kosa, jenga hivi:

g++ -std=c++17 -Wall -Wextra -g -O1 -fsanitize=address,undefined mizani.cpp -o mizani

Endesha, ongeza wa 9. Itasimama na kuandika heap-use-after-free, pamoja na mstari uliotumia kumbukumbu hiyo na ule ulioiachia. Toleo hili ni zito, hivyo liwe la majaribio tu.

SWALI: Mkulima wa viazi ameleta kilo 2,500 kwa shilingi 1,000 kila kilo. Programu inasema malipo ni -1,794,967! Nimeshabadilisha malipo kuwa int64_t (namba nzima ya biti 64), bado.
Msomaji, Njombe

JIBU: Unahesabu kwa gramu, kisha unagawa kwa 1,000. Gramu 2,500,000 mara 1,000 ni 2,500,000,000, na int, namba nzima ya kawaida ya biti 32, inaishia 2,147,483,647. Kubadilisha malipo peke yake hakutoshi, kwa kuwa kuzidisha kunafanyika kwanza ndani ya int, jibu lililokwisha haribika ndilo linalowekwa kwenye int64_t. Fanya gramu nayo iwe int64_t tangu inapotangazwa. Wala usikimbilie float, aina ya namba zenye desimali: hiyo haiwezi kushika kila namba nzima zaidi ya 16,777,216, na malipo ya chama hufika huko mapema.

SWALI: Ripoti ya wakulima 3,000 inachukua muda mrefu mno. Funksheni ya kutafuta jina inapokea std::vector<Mkulima> orodha, naiita kwa kila mkulima.
Msomaji, Iringa

JIBU: Kila wito unanakili orodha nzima: 3,000 mara 3,000, nakala 9,000,000 za wakulima. Andika const std::vector<Mkulima>& orodha: alama ya & hupitisha orodha ile ile bila kuinakili, na const huzuia isibadilishwe. Halafu jenga kwa -O2, inayoiboresha programu iende kasi, kabla ya kupima tena.