Bei ya dagaa na mbalamwezi

SWALI: Mhariri, ninauza dagaa wakavu kwa rejareja jijini Mwanza. Kwa nini bei ya jumla hupanda na kushuka ndani ya mwezi mmoja, na nitajuaje kama kweli bidhaa imepanda?

JIBU: Chanzo kikubwa kiko angani. Wavuvi wa dagaa katika Ziwa Victoria huvua usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi zaidi taa za sola, ambazo huwakusanya samaki hao karibu na wavu. Mwezi unapokuwa mpevu, mwanga wa taa humezwa na mbalamwezi, dagaa hutawanyika, na mitumbwi mingi hubaki ufukweni. Magunia hupungua sokoni Mwaloni, Kirumba, ilhali wanunuzi, wakiwamo wanaosafirisha kwenda Kongo, hawapungui. Giza likirudi, mzigo hurudi. Mzunguko mzima huchukua takriban siku 29.5.

Mvua ndiyo huvuruga hesabu hiyo. Dagaa walioanikwa mchangani wakinyeshewa kabla ya kukauka, huharibika rangi na harufu, na wengi huishia kwenye chakula cha kuku kwa bei ya kutupa, hata kama usiku huo uvuvi ulikuwa mzuri.

Kwa hiyo usilinganishe wiki hii na iliyopita. Andika bei ya gunia kila siku ya soko, kisha linganisha giza la mwezi huu na giza la mwezi uliopita, na ikiwezekana la msimu kama huu mwaka jana. Wenye maghala hununua gizani na kuuza wakati wa mbalamwezi. Wengi huwaita walanguzi, lakini kwa maoni yangu bila wao bei ingeyumba zaidi.